Pablo Picasso na Kichwa cha Machujio

Pablo Picasso alizaliwa mwaka wa 1881 mjini Málaga, Uhispania, akiwa mwana wa mwalimu wa uchoraji. Aghalabu hutajwa kwa picha zake za rangi. Sanamu zake, ambazo yamkini zinamfichua zaidi, hazikuonekana kwa wingi hadharani hadi maonyesho ya Paris ya mwaka wa 1966.

Mnamo 1907 alizuru makumbusho ya Trocadéro, Paris, akakabiliana na vinyago vya Afrika. Miongoni mwa vinyago alivyokuja kuvimiliki mwenyewe ni vya Wagrebo wa Afrika Magharibi, ambavyo macho yake ni mirija iliyochomoza nje. Hayafanani na macho, ila mtazamaji huyaona macho. Deni hilo Picasso hakuwa mwepesi wa kulikiri, na mwaka wa 1920 alidai hata kutoijua sanaa ya Kiafrika. Dai hilo ni gumu kusadikika.

Rafiki yake, mshairi Guillaume Apollinaire, alifariki mwaka wa 1918. Miaka kumi baadaye Picasso alibuni ukumbusho wa kaburi lake: umbo la mtu lililosukwa kwa fito nyembamba za chuma. Kamati iliyohusika iliukataa. Hata hivyo, kazi hiyo ilimkutanisha upya na Julio González, Mhispania mwenzake aliyejifunza kulehemu chuma katika kiwanda cha Renault. Bila mkono wa González, mengi yangebakia michoro karatasini. Kati ya 1929 na 1930 wakaunda kichwa cha mwanamke: machujio mawili ya jikoni ndiyo fuvu, springi ndizo nywele. Mwanafunzi wa fasihi ataitambua istiara hapa, isipokuwa kwamba chujio halijifichi. Matundu yake yote yanaonekana.

González alifariki mwaka wa 1942, Paris ikiwa mikononi mwa Wajerumani. Baada ya vita, huko Vallauris, Picasso alimwunda msichana arukaye kamba: kikapu kikawa kiwiliwili, na kamba yenyewe, ambayo ni chuma, ikambeba hewani.

Apollinaire alipata ukumbusho wake mwaka wa 1959, karibu na kanisa la Saint-Germain-des-Prés: kichwa cha shaba cha Dora Maar, wala si zile fito. Kichwa cha machujio Picasso alikaa nacho hadi alipofariki Mougins, Ufaransa, tarehe 8 Aprili 1973. Sasa kimo katika makumbusho ya Paris yenye jina lake.