Martin Luther, Mwalimu wa Watoto Nyumbani

Jina la Martin Luther twalitaja kila tushikapo Katekisimo. Wengi wamjua kama mtu aliyesimama bila hofu mbele ya Kaisari mjini Worms mwaka 1521. Leo twataka kueleza jinsi alivyowafundisha watoto Amri za Mungu, maana jambo hili latuhusu sote, wazazi na walimu.

Alizaliwa Eisleben, katika nchi ya Ujerumani, tarehe 10 Novemba 1483. Shuleni alifundishwa kwa fimbo. Mwenyewe alisimulia ya kuwa asubuhi moja alichapwa mara 15 kwa ajili ya somo la Kilatini ambalo hakuwa amefundishwa. Hofu ile hakuisahau. Alipokuwa baba hakuiacha fimbo kabisa, lakini alifundisha ya kuwa karibu na fimbo sharti liwepo na tunda.

Mwaka 1522 watu wa Wittenberg walianza kuziharibu picha na sanamu za makanisani. Luther akarudi kutoka maficho yake, akahubiri siku 8 mfululizo hata ghasia ikatulia. Yeye naye alikataa sanamu zisiabudiwe, ila alipambanua kati ya sanamu iabudiwayo na picha ifundishayo. Alieleza ya kuwa mtu asikiapo habari za mateso ya Kristo, mara huona moyoni mwake mtu aliyetundikwa msalabani. Basi, ikiwa picha hiyo si dhambi moyoni, yawaje dhambi mbele ya macho?

Mwaka 1526, katika kitabu chake cha ibada ya Kijerumani, aliwapa wazazi mchezo. Mtoto na awaze kwamba ana mifuko miwili, mmoja wa imani na mmoja wa upendo. Atokapo kanisani, aulizwe mezani ameleta neno gani. Neno la dhambi yetu, au la wokovu wetu katika Kristo, hulitia katika mfuko wa imani. Neno la kuwatendea watu mema, au la kuvumilia mabaya, hulitia katika mfuko wa upendo, kama mtu awekavyo akiba ya fedha. Luther akaonya mtu asijione mwenye akili hata kuudharau mchezo huo. Kristo alipotaka kuwavuta wanadamu alifanyika mwanadamu. Nasi tutakao kuwavuta watoto hatuna budi kuwa watoto pamoja nao.

Mwaka 1528 alikagua makanisa ya Saxony, akahuzunika sana. Watu wengi hawakujua Amri Kumi, wala Imani, wala Sala ya Bwana. Kwa hiyo mwaka 1529 akatoa Katekisimo Ndogo, kwanza katika karatasi za kutundikwa ukutani, kisha katika kitabu chenye picha. Kila Amri ilipewa hadithi yake ya Biblia: kwa ya kwanza ndama ya dhahabu, kwa ya tano Kaini na Habili, kwa ya saba Akani mwizi. Hata mtoto asiyejua kusoma aliweza kuonyesha kwa kidole jinsi amri inavyovunjwa na yale yanayofuata.

Nyumbani mwake, yeye na mkewe Katharina walizaa watoto 6. Mwaka 1530, alipokuwa mbali Coburg, alimwandikia mwanawe Hans, mwenye miaka 4. Alimchorea kwa maneno bustani nzuri yenye matofaa na farasi wadogo wenye hatamu za dhahabu, ambamo huingia watoto wapendao kusali na kujifunza. Amri ilikuwa ile ile, lakini mtoto aliiona kama mlango uliofunguliwa.

Mwaka 1542 binti yake Magdalena, mwenye miaka 13, aliugua sana. Baba alimwuliza kama yu radhi kwenda kwa Baba yake wa mbinguni. Naye akajibu ya kuwa na iwe kama Mungu apendavyo. Akafa mikononi mwa baba yake, naye Luther akalia sana. Neno lililowekwa akiba katika utoto lilionekana siku ile.

Luther alifariki Eisleben tarehe 18 Februari 1546. Sisi nasi, Jumapili tukiisha kurudi kanisani, tuwaulize watoto wetu kwa upole wameleta neno gani, na katika mfuko upi watalitia.