Askofu James Hannington na Njia ya Mashariki

Mji wa Mumias, kusini mwa Bungoma, hutajwa aghalabu pale inaposimuliwa historia ya utawala wa Wanga. Ni wachache wanaokumbuka kwamba hapo ndipo Askofu James Hannington alipoagana na msafara wake mwaka 1885, na kwamba mifupa yake ilihifadhiwa hapo kabla ya kuzikwa Uganda. Wengi humjua kwa kifo chake. Hata hivyo, kifo hicho hakieleweki bila kuichunguza njia aliyoichagua.

Hannington alizaliwa Hurstpierpoint, Uingereza, tarehe 3 Septemba 1847, akapata ushemasi mwaka 1874. Mwaka 1882 alitumwa Buganda kwa njia ya kusini, kupitia Zanzibar na bara ya Tanzania ya leo, lakini maradhi yalimlazimu kurudi kwao. Mnamo Juni 1884 aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza wa Afrika Mashariki ya Ikweta.

Alifika Mombasa Januari 1885. Mwezi Mei aliwapa ushemasi William Jones na Ishmael Semler, Waafrika waliookolewa utumwani na kusomeshwa India. Mwezi Julai aliondoka Rabai pamoja na Jones na wapagazi wapatao 200, wakapitia nchi ya Wamaasai. Aliiona njia hiyo kuwa fupi na yenye hewa nzuri, na kwa upande wa ramani hakukosea. Kwa upande wa siasa, hali ilikuwa nyingine. Wajerumani walikuwa wameanza kujitwalia ardhi Afrika Mashariki, na Buganda iliamini kwamba mvamizi angetokea mashariki, kupitia Busoga. Wamisionari waliokuwa Buganda waliijua hofu hiyo, ila onyo lao halikumfikia.

Mwezi Oktoba alifika Kwa Shiundu, yaani Mumias ya leo. Akamwachia Jones sehemu kubwa ya msafara, akaendelea na watu 50. Alikamatwa Busoga, na tarehe 29 Oktoba akauawa kwa amri ya Kabaka Mwanga pamoja na wengi wa wafuasi wake. Manusura wachache walimpelekea Jones habari hizo. Yeye ndiye aliyewaongoza waliosalia mwendo wote wa kurudi, wakaingia Rabai Februari 1886 chini ya bendera yenye neno Ikabodi, ishara ya utukufu uliotoweka.

Mabaki ya Hannington yalizikwa Namirembe tarehe 31 Desemba 1892, Mwanga mwenyewe akihudhuria. Baadaye reli ilipitia Bungoma, tawi likaenda Kitale, na mwaka 1931 ikafika Kampala: njia ya mashariki ikawa mlango mkuu wa Uganda. Hannington aliona mbali kuhusu njia, ila hakufahamu hofu ya wenyeji wake, na wapagazi wake walishiriki malipo ya kutofahamu huko. Kwa hiyo, kila anapokumbukwa tarehe 29 Oktoba, ni haki wapagazi hao watajwe, na pamoja nao Shemasi Jones, aliyewarudisha waliobaki nyumbani.