Kungojana Mezani: Maisha ya James Chuma

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Kumbukumbu la Torati 16:13-15, Isaya 58:6, 7, Zaburi 68:6, Matendo 6:1-6, 1 Wakorintho 11:20-22, 33, Luka 14:12-14, Waebrania 13:1-3.

Fungu la kukariri: 1 Wakorintho 11:33.

Mavuno yakishaingia ghalani, makanisa yetu mengi hujiandaa kwa makambi. Mahema hupigwa, masufuria makubwa hukusanywa, na familia zilizotawanyika mwaka mzima hukutana tena. Israeli wa kale nao walikuwa na majira kama hayo. Baada ya kukusanya nafaka na zabibu walifanya Sikukuu ya Vibanda kwa siku saba. Torati iliwataja kwa majina ya hali zao wale waliopaswa kufurahi katika sikukuu hiyo: wana na binti, watumishi, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Mwenye shamba hakuachiwa uhuru wa kuamua peke yake nani aalikwe.

Juma hili tutajifunza juu ya meza ya namna hiyo kupitia maisha ya James Chuma. Wengi wanamfahamu kama mmoja wa viongozi wawili, yeye na Abdullah Susi, waliouleta mwili wa David Livingstone hadi Bagamoyo mwaka 1874. Waumini wa Vigwaza na vijiji vya jirani wanaishi karibu na mto Ruvu, ambao misafara mingi ya kutoka bara iliuvuka kabla ya kufika Bagamoyo. Leo malori hupanga foleni kwenye mizani ya Vigwaza katika barabara ya Morogoro. Zamani hizo mizigo ilibebwa vichwani na mabegani mwa watu, na kila jioni watu hao walihitaji kula.

JUMAPILI
Chakula cha Kwanza cha Uhuru

Chuma alizaliwa yapata mwaka 1850 katika jamii ya Wayao, upande wa Ziwa Nyasa. Akiwa bado mtoto alitenganishwa na nyumba ya wazazi wake na kuingizwa katika biashara ya watumwa. Hakurudi tena kuishi katika nyumba hiyo.

Mnamo Julai 1861, David Livingstone na Askofu Charles Mackenzie walikuwa wakipanda kutoka mto Shire kuelekea nyanda za juu, katika nchi ambayo sasa ni Malawi. Walipofika kijiji cha Mbame walikutana na msafara wa watumwa. Walinzi walikimbia. Mateka 84, wengi wao wanawake na watoto, wakafunguliwa. Chuma alikuwa miongoni mwa watoto waliowekwa huru katika safari hiyo.

Wanawake hao walikuwa wamebeba unga ambao haukuwa wao. Waliambiwa wautumie kupika, wale wao pamoja na watoto. Mwanzoni hawakuamini. Walipoona kwamba ni kweli, walichukua miti iliyokuwa imefungwa shingoni mwa mateka, wakaifanya kuni, wakawasha moto na kupika. Mtoto mmoja mdogo alishangaa. Waliowakamata waliwafunga na kuwanyima chakula. Hawa walikata kamba na kuwaambia wale. Akauliza ni watu wa namna gani na wametoka wapi.

Soma Isaya 58:6, 7. Nabii anaweka mambo mawili pamoja: kuvunja kongwa na kumgawia mwenye njaa chakula. Mungu hatenganishi uhuru na mkate. Mtu aliyefunguliwa kamba akaachwa na njaa bado hajasaidiwa vya kutosha.

Je, mtu mgeni akila nasi siku ya Sabato anaweza kuuliza swali kama la mtoto yule? Ni jambo gani katika meza yetu lingemfanya aulize?

JUMATATU
Mtoto Asiye na Nyumba

Wale waliofunguliwa walipelekwa Magomero, ambako wamisionari walianzisha makao. Kulikuwa na vinywa vingi na chakula kidogo. Askofu Mackenzie alifariki Januari 1862. Baadaye ukame na njaa viliikumba nchi, na watu wengi wakafa. Hatimaye misheni ilifunga makao yake ya bara na kuhamia Zanzibar.

Mwaka 1864 Livingstone alimchukua Chuma pamoja na kijana mwingine aitwaye Wikatani, wakavuka Bahari ya Hindi kwa merikebu ndogo ya Lady Nyassa hadi Bombay. Huko Chuma aliwekwa katika shule ya misheni ya Kiskoti iliyosimamiwa na Dkt. John Wilson. Mwaka 1865 alibatizwa na kupewa jina James.

Hebu tufikirie maisha ya kijana huyu. Alikuwa na umri wa miaka kama kumi na mitano. Alikuwa ameshalishwa na wafanya biashara ya watumwa, na wamisionari, na mabaharia, na walimu wa nchi ya mbali. Kila mara sahani yake ilitoka mkononi mwa mtu asiye ndugu yake.

Zaburi 68:6 inatufundisha kwamba Mungu huwapa wapweke makao. Mara nyingi hufanya hivyo kwa kutumia nyumba za watu wengine. Katika kila kusanyiko letu wamo wanaofika bila familia: kijana aliyekuja kutafuta kazi, mjane ambaye watoto wake wako mbali, muumini mpya ambaye ndugu zake wamemtenga kwa sababu ya Sabato. Wakati familia zinapoketi chini ya mwembe, kila moja na vyombo vyake, hao huketi wapi?

JUMANNE
Kambi na Chungu

Mwaka 1866 Chuma alirudi Afrika pamoja na Livingstone. Walianza safari kutoka pwani ya kusini, karibu na Ruvuma. Safari hiyo iliendelea kwa miaka saba. Mwanzoni mwa mwaka 1867 walipatwa na njaa kali. Wengi walitoroka au waliachwa njiani. Kati ya wale walioanza, waliobaki hadi mwisho hawakuzidi vidole vya mkono mmoja, na Chuma alikuwa mmoja wao.

Ni vema kuelewa jinsi msafara ulivyokula. Nguo na shanga zilibadilishwa kwa nafaka vijijini. Kila mtu alipewa posho, kwa kawaida kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Lakini mtu hakupika peke yake. Wapagazi waligawanyika katika vikundi, na kila kikundi kilikuwa na chungu chake. Mmoja alichota maji, mwingine alitafuta kuni, mwingine alisonga ugali. Kikundi hicho kiliitwa kambi, neno hilo hilo tunalolitumia kwa mikutano yetu ya kila mwaka. Watu wa kambi moja walikula pamoja na kuuguzana.

Kiongozi wa msafara alijulikana kwa jinsi alivyogawa posho. Akipendelea, watu hutoroka usiku. Akiwa wa haki, watu humfuata hata siku ambayo kibaba hakijai. Chuma alijifunza kazi hii kwa miaka mingi kabla hajaitwa kiongozi.

Soma Matendo 6:1-6. Kanisa la kwanza lilipoingia katika manung'uniko, chanzo kilikuwa nini? Mitume waliichukuliaje huduma ya kugawa chakula? Kwa nini waliotakiwa kuisimamia walipaswa kuwa watu waliojaa Roho na hekima?

JUMATANO
Walingojana

Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Msafara ulikuwa na watu wapatao 60. Hakuna aliyekuwa na amri juu yao tena, na pwani ilikuwa mbali. Wangeweza kugawana mali iliyobaki na kutawanyika. Badala yake waliwachagua Susi na Chuma wawaongoze, wakaamua kuurudisha mwili kwa watu wa marehemu. Moyo waliuzika chini ya mti hapo hapo, na Jacob Wainwright akasoma ibada ya mazishi. Mwili waliutia chumvi, wakaukausha juani kwa siku 14, wakaufunga kama mzigo.

Siku chache tu baada ya kuondoka, ugonjwa uliingia kambini. Karibu nusu ya watu walilala hoi. Wenye nguvu wangeweza kwenda mbele na mzigo wao wa heshima na kuwaacha wagonjwa vijijini. Hawakufanya hivyo. Walisimama kwa muda wa kama mwezi mzima, wakawauguza wenzao, kisha wakaendelea.

Mtume Paulo aliliandikia kanisa la Korintho kuhusu chakula cha pamoja kilichoharibika. Wenye nafasi walifika mapema na kula wakashiba; maskini walifika wamechoka na kukuta vyombo vitupu. Dawa aliyoitoa ilikuwa rahisi kueleweka na ngumu kutendwa: wangojane (1 Wakorintho 11:33). Kungojana ni kukubali kwamba chakula changu hakijakamilika kama ndugu yangu bado yuko njiani.

Katika kanisa letu, ni nani hufika mwisho mezani? Mara nyingi ni mama waliokuwa jikoni, wanaotembea kwa miguu kutoka mbali, na wazee. Tunaweza kufanya nini Sabato ijayo ili wasikute masalio?

ALHAMISI
Waliosahaulika na Waliokaribishwa

Oktoba 1873 msafara ulifika Unyanyembe, karibu na Tabora, ukakutana na Luteni Verney Lovett Cameron. Yeye alishauri mwili uzikwe hapo. Chuma na wenzake walikataa kwa adabu. Huko mbele, katika kijiji cha Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti ipite katika nchi yao. Basi wakafunga mabua ya mtama yafanane na maiti, watu wachache wakajifanya wanairudisha Unyanyembe kuzikwa, na mwili wenyewe ukafungwa upya kama robota la nguo. Februari 1874, baada ya mwendo wa zaidi ya kilomita 1,600, waliingia Bagamoyo na kuupumzisha mwili katika misheni ya Wakatoliki.

Kilichofuata kinasikitisha. Wapagazi walilipwa ujira wao wakatawanyika, kila mtu na njia yake. Mwili ulipozikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874, Wainwright alikuwepo. Chuma na Susi hawakuwepo. Waliitwa Uingereza baadaye, kwa gharama za James Young, rafiki wa Livingstone. Huko walimsaidia Horace Waller kuandaa kitabu cha shajara za mwisho za Livingstone, wakimweleza yale ambayo hakuna mwingine aliyeyajua.

Hakuna habari kwamba Chuma aliilipiza hali hiyo kwa uchungu. Aliporudi, alikubali kazi ya kuwatumikia waliokuwa kama yeye alivyokuwa. Mwaka 1876 aliongoza wapagazi wa Askofu Edward Steere kutoka Lindi, wakiwapeleka bara watu wapatao 50 waliokombolewa utumwani na kutunzwa Zanzibar. Walipofika Masasi waliipenda nchi ile, wakakaa, wakajenga na kulima. Mtoto aliyelishwa unga wa uhuru mwaka 1861 sasa alikuwa mtu mzima anayewafikisha wengine mahali ambapo wangeweza kuvuna chakula chao wenyewe.

Soma Luka 14:12-14. Yesu anatuonya juu ya karamu inayozunguka kati ya watu wanaoweza kurudishiana. Je, orodha ya wageni wetu wa makambi inafanana na ile ya Kumbukumbu la Torati 16:14?

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Mwaka 1879 Chuma aliajiriwa kuongoza wapagazi katika safari ya Keith Johnston iliyoanzia Dar es Salaam. Kabla ya miezi miwili kwisha, Johnston alifariki. Msaidizi wake, Joseph Thomson, alikuwa kijana wa miaka 21 ambaye hakuijua nchi. Chuma, aliyejua lugha nyingi na desturi za njiani, alishikamana naye hadi Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika na kurudi. Msafara ulikuwa na watu wapatao 150. Walipofika Bagamoyo Julai 1880, karibu wote walikuwa hai, jambo la nadra sana siku zile.

James Chuma alifariki Zanzibar mwaka 1882 kwa kifua kikuu, akiwa katika hospitali ya misheni. Alikuwa na umri wa miaka kama 32. Hakuacha mali nyingi. Lakini watu wengi walifika salama kwa sababu yeye alikubali kutembea kwa mwendo wao.

Waebrania 13:1-3 inatuunganishia mambo matatu: upendo wa ndugu, ukarimu kwa wageni, na kuwakumbuka waliofungwa. Makambi yetu yatapimwa kwa hayo zaidi ya idadi ya mahema. Wali na maharage, ugali na kisamvu, mananasi ya Kiwangwa: vyote ni baraka za Mungu. Vinakuwa ushirika pale tu asiye na kitu anapoketi bila aibu pamoja na aliyevileta.

Maswali ya Kujadili

1. Vigwaza ni mahali pa njiani, na wageni wengi hupita. Kanisa lililo kando ya barabara kuu lina wajibu gani wa pekee katika chakula cha Sabato?

2. Je, utaratibu wa kila familia kula chakula chake wakati wa makambi unajenga au unabomoa? Jadilini faida na hasara zake, kisha mpendekeze jambo moja la kufanya mwaka huu.

3. Chuma na wenzake walisimama mwezi mzima kwa ajili ya wagonjwa. Ni mipango gani ya kanisa letu ambayo tungepaswa kuisimamisha kwa muda ili walio dhaifu watufikie?

4. Kabla ya Sabato hii kwisha, taja moyoni mtu mmoja ambaye hana pa kula Sabato ijayo. Darasa lipange ni nyumba ipi itamkaribisha.