Gilbert Lewis, mwenye vidoto vya kemia

Watoto wetu wanaosoma kemia hapo Maskati na Dubai huchora vidoto kuzunguka herufi za elementi. Vidoto hivyo vina mwenyewe, na mimi niliyevifundisha miaka mingi katika sekondari ya misheni nina deni naye.

Gilbert Newton Lewis alizaliwa mwaka 1875 huko Massachusetts, Marekani. Mwaka 1902, akiwa mwalimu kijana wa Harvard, alitaka kuwaeleza wanafunzi wa mwanzo mambo ya atomi. Akachora kijisanduku chenye pembe nane, kila pembe akaiwekea elektroni moja. Mchoro ule hakuuchapisha, akakaa nao tu. Akenda Manila kusimamia mizani na vipimo, akarudi kwao, na mwaka 1912 akahamia Berkeley, California.

Mwaka 1916 ndipo alipotoa makala yake: atomi mbili hushikana kwa kushirikiana jozi ya elektroni. Chukua maji. Oksijeni ina elektroni sita za nje, na kila hidrojeni ina moja. Zikishirikiana, oksijeni inahesabu nane na kila hidrojeni inahesabu mbili. Ni kama majirani waliochangia sinia moja: kila mtu katoa kidogo, na wote wameshiba.

Aliyeieneza nadharia hii kwa mihadhara ni Irving Langmuir, hata wengine wakaiita kwa majina yao wote wawili. Langmuir alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1932, kwa kazi nyingine. Lewis alipendekezwa mara nyingi, asipewe hata siku moja. Lakini Harold Urey na Glenn Seaborg, waliosomea Berkeley wakati wake, wote waliipata. Yeye alifariki Machi 1946 ndani ya maabara yake, kazini, akiwa na miaka 70.

Sasa deni langu. Siku moja mwanafunzi aliniuliza: mbona boroni ikishikana na florini tatu inakuwa na elektroni sita, si nane? Sikuwa na jibu. Nikamwambia kaa kitako, kanuni ni nane. Akakaa, na tangu siku ile hakuninyoshea tena mkono.

Baadaye sana nikaja kujua kuwa Lewis mwenyewe, katika kitabu chake cha 1923, aliona ile jozi ya mbili ndiyo msingi zaidi kuliko nane. Vidoto kwake vilikuwa njia ya kufikiri, mimi nikavifanya sheria. Kijana alikuwa na haki, mwalimu ndiye aliyekosea. Popote alipo, namwomba radhi.

Nanyi wazee wenzangu, mtoto akija na swali lisilokubaliana na daftari lake, msimnyamazishe. Kaeni naye mlitafute jibu pamoja.