Meyer London: Wakili wa Mafundi Cherehani Aliyeingia Bungeni

Tarehe 6 Juni, 1926, Meyer London aligongwa na teksi alipokuwa akivuka barabara jijini New York, akafariki dunia siku hiyo hiyo akiwa na umri wa miaka 54. Inasimuliwa kwamba kabla ya kukata roho aliomba dereva yule asiadhibiwe, kwa kuwa naye alikuwa maskini.

London alizaliwa mwaka 1871 katika familia ya Kiyahudi mjini Kalvarija, katika Lithuania ya leo, iliyokuwa chini ya Dola ya Urusi. Mwaka 1891 alihamia Marekani na kuishi Lower East Side, mtaa wa wahamiaji maskini wa New York. Alisomea sheria, na mwaka 1898 akaidhinishwa kuwa wakili. Kazi yake kubwa ikawa kutetea vyama vya wafanyakazi.

Mwaka 1910, makumi ya maelfu ya mafundi wa kushona makoti waligoma wakidai ujira bora na saa chache za kazi. London alikuwa mwanasheria wao. Mgomo ulimalizika Septemba kwa makubaliano yaliyoitwa Mkataba wa Amani, yaliyoweka wiki ya kazi ya saa 50 na baraza la usuluhishi.

Mwaka 1914, wapiga kura wa mtaa huo walimchagua kuingia Baraza la Wawakilishi kwa tiketi ya Chama cha Kisoshalisti. Mwaka 1916 aliwasilisha hoja ya bima ya taifa kwa wasio na kazi, wagonjwa na wazee. Hoja hiyo haikupita. Aprili 1917 alipiga kura kupinga Marekani kuingia vitani. Mwaka uliofuata, Sheria ya Uchochezi, iliyoadhibu maneno ya kuikashifu serikali wakati wa vita, ilipita barazani humo kwa kura 293 dhidi ya moja. Kura hiyo moja ilikuwa yake.

Msimamo huo ulimgharimu. Wazalendo walimwona msaliti; baadhi ya wasoshalisti wenzake nao walimlaumu kwa kutozuia fedha za vita. Alishindwa uchaguzi wa 1918, akashinda tena 1920, kisha akashindwa 1922 baada ya mipaka ya jimbo lake kubadilishwa.

Mwaka 1935, miaka tisa baada ya kifo chake, Marekani ilitunga Sheria ya Hifadhi ya Jamii, iliyoanzisha mafao ya uzeeni na bima ya wasio na ajira.