Hans Christian Gram: Daktari Aliyeitaja Kasoro ya Kazi Yake



Ndugu zangu, tunapoandika maisha ya wataalamu wa tiba tumezoea kuwataja Ibn Sina na Al-Razi, na wanastahili. Al-Razi ndiye aliyeandika kitabu cha kutenganisha ndui na surua, maradhi mawili ambayo macho ya haraka huyachanganya. Leo nataka kumleta mtu mwingine aliyehangaika na tatizo la namna hiyo hiyo. Hakuwa Muislamu, na alizaliwa mbali sana na kwetu, lakini kila mwenzetu anayesomea udaktari, uuguzi, ufamasia, mifugo au maabara hulitamka jina lake karibu kila wiki. Wengine hudhani ni gramu ile ya kupimia sukari. Mimi nasomea maabara ya tiba, na kadiri ninavyokitumia kipimo chake ndivyo ninavyoona kwamba maisha yake yana somo kwetu sote, hata kwa anayesoma sheria au biashara.

Hans Christian Gram alizaliwa Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, tarehe 13 Septemba 1853. Baba yake alikuwa profesa wa sheria. Kijana hakufuata njia ya mzee wake. Alianza na elimu ya mimea, akawa msaidizi wa Japetus Steenstrup, mtaalamu mashuhuri wa wanyama, na katika kazi hiyo akaizoea hadubini. Baadaye akaingia kwenye udaktari. Mwaka 1883 alipata shahada ya uzamivu kwa utafiti wa chembe nyekundu za damu ya binadamu: alizipima ukubwa wake, moja baada ya moja, kwa wagonjwa na kwa wazima. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye subira.

Siku hizo macho ya madaktari vijana wa Ulaya yalikuwa Berlin. Mwaka 1882 Robert Koch alikuwa ametangaza katika mji huo kwamba amempata bakteria anayesababisha kifua kikuu, na kila mtu alitaka kujua maradhi mengine yanaletwa na nani. Gram naye akasafiri, akafanya kazi na Carl Friedländer katika chumba cha maiti cha hospitali ya mji. Swali lililokuwa mezani lilikuwa nimonia, ugonjwa uliokuwa ukiua watu wengi kabla ya kuwapo dawa ya kuutibu.

Tatizo lake lilikuwa hili. Ukichukua kipande chembamba cha pafu la marehemu, ukakipaka rangi na kukitazama kwa hadubini, kila kitu kinashika rangi: chembe za mwili zinashika, na bakteria nao wanashika. Kumpata bakteria humo ni sawa na kutafuta punje ya ulezi katika gunia la mtama. Gram alitaka rangi ibaki kwa bakteria peke yao.

Akajaribu hivi. Alipaka rangi ya zambarau, akamwagia maji ya ayodini, kisha akasuuza kwa alkoholi. Ayodini iliishikamanisha ile rangi ndani ya bakteria, na alkoholi ikaiondoa kwenye chembe za mwili. Bakteria wakabaki na zambarau iliyokoza huku pafu lote likiwa limefifia.

Lakini si bakteria wote waliobaki na rangi. Wale wa homa ya matumbo, yaani taifodi, walisafishwa na alkoholi pamoja na chembe za mwili. Kwa mtu aliyetaka njia ya kuwaonyesha bakteria wote, hilo lilikuwa pigo. Angeweza kuchapisha yale yaliyofaulu na kunyamaza kuhusu yaliyobaki. Hakufanya hivyo. Ripoti yake ilipotoka mwaka 1884, aliwataja bakteria waliopoteza rangi, akakiri wazi kwamba njia yake ina kasoro na haijakamilika, na akasema anaitoa akitumaini itawafaa watafiti wengine. Alikuwa na umri wa takriban miaka 30, yaani wakati ambao mtu ana hamu kubwa ya kujijengea jina.

Ndugu msomaji, ile kasoro ndiyo iliyokuja kuwa faida yake kubwa. Miaka michache baadaye, Carl Weigert wa Ujerumani aliongeza hatua ya mwisho ya rangi nyekundu, safranini, ili wale waliosafishwa waonekane tena. Sasa tukawa na makundi mawili: wanaobaki zambarau, tunaowaita Gram chanya, na wanaoonekana waridi, tunaowaita Gram hasi. Miongo mingi baadaye ndipo ilipofahamika vizuri kwamba tofauti iko kwenye ukuta wa bakteria. Gram chanya wana ukuta mnene unaoishikilia rangi. Gram hasi wana ukuta mwembamba, na nje yake wana utando mwingine wenye mafuta. Utando huo huwakinga dhidi ya baadhi ya dawa, na ndiyo maana dawa kama vankomaisini, ambayo ni tegemeo dhidi ya Gram chanya wengi, haifanyi kazi kwa Gram hasi. Kama Gram angelificha lile lililomsumbua, sijui ni nani angekwenda kulichunguza.

Tena yako mengine. Friedländer, mwenyeji wake, aliamini kwamba bakteria aliyemwona yeye katika mapafu ndiye chanzo cha nimonia. Mtaalamu mwingine, Albert Fraenkel, alimtaja bakteria tofauti. Njia ya Gram ikasaidia kuonyesha kwamba ni bakteria wawili: wa Fraenkel anashika zambarau, wa Friedländer anaiachia. Ikaja kuthibitika kuwa yule wa Fraenkel ndiye mwenye sehemu kubwa zaidi ya nimonia, na wa Friedländer ana sehemu ndogo. Na gazeti la kitabibu lililochapisha kazi ya Gram lilikuwa chini ya uhariri wa Friedländer mwenyewe.

Bakteria huyo wa Friedländer leo anaitwa Klebsiella pneumoniae, nasi tunamkuta mara kwa mara hata kwenye mkojo. Hapa ndipo mpaka wa kipimo cha Gram unapoonekana. Chini ya hadubini Klebsiella ni kijiti cha waridi. Escherichia coli naye ni kijiti cha waridi, na ndivyo alivyo Salmonella wa taifodi. Rangi imetufikisha mlangoni tu. Kwa hiyo tunawaotesha, kisha tunawauliza kwa kemia: mnakula nini, na mnatoa nini?

Tukiwapa E. coli chakula chenye triptofani, wanatengeneza indoli, na tukidondoshea kemikali ya Kovacs tunaona pete nyekundu juu ya mchuzi. Klebsiella pneumoniae kwa kawaida hatoi pete hiyo. Tukiwapa sitreti kuwa ndiyo kaboni yao pekee, Klebsiella anastawi na kuigeuza rangi ya kijani kuwa buluu, na E. coli anashindwa. Tukiwapa yurea, Klebsiella anaivunja taratibu na chombo kinageuka waridi, E. coli haivunji. Kwa upande wa Gram chanya wa duara, tone la haidrojeni peroksaidi linatosha kuanza: Staphylococcus wana kimeng'enya cha katalesi na povu linatoka hapo hapo, Streptococcus hawana na tone linatulia. Hakuna jibu moja linaloamua peke yake. Tunakusanya ushahidi kipimo baada ya kipimo, ndipo tunaandika jina.

Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa tuhakikishe habari anayotuletea fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Wanazuoni wetu huliita jambo hilo tabayyun. Mimi huikumbuka amri hiyo ninaposimama mbele ya safu ya chupa za vipimo. Jina la bakteria nitakaloandika kwenye karatasi ni habari, na kuna mgonjwa atakayepewa dawa kwa habari hiyo.

Sasa tuambiane ukweli. Kati yetu wanafunzi, kupika majibu ya maabara kumekuwa jambo la mzaha. Alkoholi ikikaa sekunde chache zaidi, Gram chanya hupoteza rangi na kufanana na Gram hasi. Bakteria waliooteshwa muda mrefu nao huweza kudanganya. Mwanafunzi anajua jibu la kitabu, anaona slaidi yake inasema vingine, basi anaandika la kitabu. Anapata alama, lakini hajui alikosea wapi, na mazoea hayo atakwenda nayo hospitalini. Aliyeandika alichokiona, akaeleza shaka yake na kurudia kipimo, huyo ametimiza amana hata kama alama zake ni pungufu. Na hili haliwahusu watu wa maabara tu. Takwimu za utafiti na majibu ya dodoso hupikwa vilevile.

Gram hakukaa Berlin. Alirudi Copenhagen, mwaka 1891 akawa profesa wa elimu ya dawa, na mwaka 1900 profesa wa tiba. Hakujifanya bingwa wa bakteria kwa sababu ya ripoti moja. Alitibu wagonjwa na kufundisha. Kuanzia 1901 hadi 1921 aliongoza tume ya kitabu rasmi cha dawa cha Denmark, na huko alipigania kuondolewa kwa dawa za zamani zisizo na faida. Alistaafu 1923, akafariki tarehe 14 Novemba 1938 akiwa na miaka 85. Njia aliyoiita pungufu ilikuwa tayari inatumika duniani kote, na hadi leo mara nyingi ndiyo hatua ya kwanza kabla ya vipimo vyote nilivyovitaja.

Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akimuomba Allah elimu yenye manufaa, na akijikinga Kwake na elimu isiyonufaisha. Nasi tuombe hivyo kabla ya kuingia maabara, darasani na kwenye mitihani. Allah atujaalie elimu yenye manufaa, na atupe ujasiri wa kusema tulichokiona na tusichokijua. Aamin.

Wabillahi tawfiq.