Elijah Masinde: Mshtakiwa aliyeishia Mathari

Mshtakiwa anapofikishwa kizimbani Kitui au Makueni akionekana hana akili timamu, sheria humtaka hakimu achunguze kwanza hali yake, na ikithibitika kuwa hawezi kujitetea, kesi huahirishwa. Shabaha ni kumkinga mgonjwa. Hata hivyo, maisha ya Elijah Masinde yanaonyesha kwamba mlango wa hospitali waweza pia kutumiwa kumnyamazisha mtu.

Masinde alizaliwa karibu mwaka 1910 huko Kimilili, Bungoma. Alilelewa katika kanisa la Wakweka, akasifika kwa kandanda hata akaichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Baadaye aliajiriwa kuwa tarishi wa baraza la hakimu la Waafrika. Kazi yake ilikuwa kuwapelekea wenzake hati za kuwaita mahakamani.

Mapema miaka ya 1940 aliasisi Dini ya Msambwa, akiwahimiza Wabukusu kurudia ibada za mababu na kuwataka Wazungu waondoke. Serikali ya kikoloni haikustahimili. Mwaka 1945 alishtakiwa na kuhukumiwa, kisha akatangazwa kuwa mwendawazimu na kupelekwa hospitali ya Mathari, Nairobi.

Mkuu wa Mathari wakati huo alikuwa Dkt J.C. Carothers. Mwaka 1953, kupitia Shirika la Afya Duniani, daktari huyo alichapisha kitabu kilichodai kwamba Mwafrika hutumia kwa uchache sehemu ya mbele ya ubongo wake. Kwa tabibu mwenye fikra hizo, haikuwa vigumu upinzani kuonekana kuwa maradhi.

Masinde aliachiliwa mwaka 1947, akarejea kwa wafuasi wake. Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati huko Malakisi, watu 11 wakafa. Dini ikapigwa marufuku, naye akahamishiwa Lamu.

Uhuru haukumpa amani, kwani alifungwa tena wakati wa utawala wa Mzee Kenyatta. Alifariki mwaka 1987.

Mathari ingali inapokea washtakiwa kutoka pembe zote za nchi, Ukambani ikiwemo. Kwa mgonjwa wa kweli, matibabu ni haki kuliko jela. Lakini cheti cha daktari hustahili kuaminiwa pale tu kinapoandikwa kwa ajili ya mgonjwa, si kwa ajili ya mtawala.